Bandama Halina Kosa

4 Machi

Chokochoko,

Nakuandikia kwa sababu kwenye simu tunakatizana. Mara ya mwisho ulinikatiza, nikakukatiza, halafu kila mmoja akakaa miezi akijisifu kwamba ndiye aliyekata simu kwanza. Karatasi haina mdomo. Nitasema mpaka nimalize, nawe ukitaka kunijibu ukae chini uandike kama mtu mzima.

Nimeshushwa kutoka kwenye winchi yangu pale ujenzini. Usishtuke, sijaangusha mzigo. Kampuni inatupima afya kila mwaka, na mwaka huu wameleta daktari mpya, kijana mwenye vidole baridi. Alinilaza, akaniingiza mkono chini ya mbavu za kushoto, akauacha hapo kama mtu anayetafuta funguo kwenye mfuko wa mwenziwe. Akasema, "Mama, bandama lako limevimba. Ukijigonga kwenye ngazi linaweza kupasuka ukiwa huko juu." Nikamwambia nimepanda miaka yote hii na macho yangu haya ya manjano na bandama langu, na hatujawahi kugombana. Akaandika. Wakishaandika ndio basi.

Sasa niko stoo. Mimi, wanayeniita Mama Juu, nagawa glavu na kofia ngumu. Winchi yangu wamempa kijana anayezungusha mzigo kama mtu anayemwaga maji ya kufulia. Kila nikisikia chuma kinalia natoka mlangoni kutazama, na Mnyapara ananifokea nirudi ndani nikahesabu viatu.

Lakini dawa ipo. Nimeonwa na daktari wa upasuaji wa hospitali kuu, mzee wa heshima zake, mikono mipana. Anasema tatizo langu ni lile lile la Mama: damu inavunjika upesi na bandama linaila. Bandama likitolewa, damu itapanda, macho yatang'aa, na daktari wa kampuni atanisainia nirudi juu. Nimepangiwa kitanda tarehe 22 Aprili.

Sikuombi ruhusa. Nakuarifu tu, maana wa tumbo moja nimebakiwa na wewe. Nawe kazi yako, kama nimeielewa, ni kuchokoa seli kwa kijiti cha kioo uone kama zitashtuka. Ulianza na konokono wa bafuni. Angalau sasa unalipwa.

Vidonge vya chuma vya kuongeza damu nameza kila asubuhi kama Mama alivyotufundisha, kwa hiyo usianze.

Dada yako


17 Machi

Dada,

Shikamoo. Usikubali kukatwa. Nimeliweka hilo juu kabisa ili hata ukiichana barua hii mapema uwe umeshalisoma.

Seli nyekundu ya damu ni pana kuliko mishipa midogo inamopita. Kila mzunguko inabanwa, inajikunja, inajipenyeza. Kwenye utando wake kuna protini zilizo kama milango midogo: zikihisi msukumo zinafunguka kidogo, kisha zinajifunga. Hizo ndizo ninazochokoa. Zimo mwili mzima, kwenye kuta za mishipa, kwenye mapafu, kwenye magoti, popote mwili unapotakiwa kujua kwamba umesukumwa. Zikiwa viziwi, mtu anaumwa. Zikisikia mno, anaumwa vilevile. Watu wamezoeshwa kuamini kwamba ugonjwa ni mdudu aliyeingia au kitu kilichopungua. Nani anawaambia kuwa yapo maradhi ya kuhisi kupita kiasi?

Nadhani letu ndilo hilo. Milango yetu ikifunguka inakawia kujifunga. Chumvi inatoka, maji yanaifuata, seli inakauka na kuwa ngumu kama ngozi iliyoanikwa. Ikipita kwenye bandama, bandama linaikagua, linaona imezeeka, linaiondoa barabarani. Ndiyo kazi yake. Limevimba kwa kazi, kama mkono wa mhunzi. Bandama halina kosa.

Yapo magonjwa ya damu ambayo ukitoa bandama mgonjwa anainuka akacheza. Daktari wako ameyaona mengi, ndiyo maana ana uhakika. Letu linafanana nayo kwa sura tu. Ukiliondoa bandama, zile seli kavu zinabaki zikizurura mishipani, na damu inaganda. Donge linaweza kuanzia mguuni likapanda mapafuni. Si lazima iwe wiki ileile. Inaweza kuwa mwaka, hata zaidi.

Sasa mkumbuke Mama. Alitolewa bandama, akanawiri, tukashangilia. Baadaye mguu wa kushoto ukavimba. Kisha akashindwa kupumua akiwa amekaa kitini mwake, mchana, anapanga nguo.

Na hivyo vidonge viache leo. Damu yetu haikosi chuma. Inavunjika na kukiacha mwilini, nacho kinajilundika kwenye ini. Sisi ndio ukoo pekee ninaoujua unaokula kutu kwa nidhamu.

Omba upimwe kwanza. Nakusihi.

Mdogo wako, anayekuheshimu hata akipiga kelele


29 Machi

Wewe Chokochoko,

Marahaba, ingawa shikamoo yako ilikuwa na haraka.

Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili ndipo nilipokuona. Umejificha nyuma ya milango yako midogo lakini kisigino kinaonekana.

Ulipoondoka kwenda huko kwako, Mama alianza kudhoofika. Ulirudi kuzika. Baba Mdogo akasimama msibani, akasema mbele ya watu kwamba mwanamke yule hakufa kwa maradhi, amekufa kwa uchungu wa kuachwa na mwanawe. Ukainuka ukaenda zako, chai ikiwa bado inafuka kikombeni, na hujakanyaga tena hapa. Leo unaniletea donge la damu. Unataka Mama awe amekufa kwa kitu kingine chochote, mradi kisiwe wewe. Unataka bandama langu liwe wakili wako.

Tafuta wakili mwingine. Bandama langu lina kesi yake.

Huyo daktari unayemsahihisha kwa posta alikuwa anaokoa watu wewe ukiwa bado unalia kwa kunyimwa sukari. Yeye ana mikono, wewe una nadharia. Nikiwa juu ya winchi simsikilizi mtu aliye nchi nyingine. Namsikiliza yule aliye chini yangu, anayeuona mzigo kwa macho yake.

Hata hivyo stoo imenitendea wema mmoja, nikuchekeshe. Tangu niache kupanda ile ngazi, mkojo wangu umekuwa safi kama wa mtoto mchanga. Nilizoea kuuona mweusi kama chai ya rangi kila nikishuka jioni, nikajua ndiyo rangi ya watu wanaofanya kazi. Kumbe ni uchovu tu. Nikishakatwa na kupumzika vizuri nitakuwa mpya kabisa.

Kupimwa sitapimwa. Mama hakupimwa na alijua anaumwa nini. Tarehe haibadiliki. Na leo nimemeza vidonge viwili badala ya kimoja, kwa heshima yako.

Dada yako


8 Aprili

Dada,

Ndiyo, nataka kujitetea. Maneno ya Baba Mdogo nimekuwa nikiyakuta hata kwenye sahani ya chakula. Nikipokea tuzo yamo ukumbini, yamekaa mstari wa mbele. Lakini mtu anaweza kutaka kujitetea na papo hapo akawa anasema kweli. Mshtakiwa si lazima awe mwongo. Ukitaka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa hai. Nitakupa nafasi za kutosha.

Isome tena habari ya mkojo. Wewe ulitaka kunichekesha, mimi niliruka kitini. Ngazi ile inakamua misuli yako, misuli inaminya mishipa, mishipa inabana seli, milango inafunguka na kukawia. Seli zinavunjika na rangi yake inatokea chooni. Ukakaa stoo, ukaacha kubanwa, ukasafika, na bandama likiwa mahali pake palepale! Hakuna aliyeligusa. Haya, niambie mkosaji ni nani.

Kuna jambo sikukuandikia, kwa kuwa nilijua utasema, "Sasa anajitia ugonjwa ili ahurumiwe." Nilijitoa damu mwenyewe hapa maabara. Nikaiweka yangu na ya mwenzangu wa meza ya jirani kwenye kipimo cha zamani, kisichotaka mashine kubwa. Unaitia damu kwenye maji yenye chumvi pungufu, kisha pungufu zaidi. Seli za kawaida zinakunywa maji, zinavimba, zinapasuka, na maji yote yanakuwa mekundu. Za mwenzangu zilipasuka. Zangu zikakaa. Nikapunguza chumvi tena, zikakaa. Zimekauka mno, zina nafasi ya kunywa na kunywa kabla ya kujaa. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu, maana ilikuwa kama kumtazama mtu wa kwetu akiambiwa atoke kwenye foleni.

Baadaye mwalimu wangu alinisomea vinasaba. Kasoro ni kwenye mlango ule ule ninaouchokoa kila siku ndani ya seli za watu wengine. Kasoro hiyo inarithiwa kwa mzazi mmoja. Baba alizikwa na macho meupe. Kwa hiyo ni Mama.

Ugonjwa ambao daktari wako ameuzoea hufanya seli zipasuke mapema kuliko za watu wengine. Wetu unazifanya zigome. Basi usiniamini mimi, wala usimwamini yeye. Mwambie atie damu yako kwenye maji hayo mbele yako. Ikipasuka mapema, mimi nimekosea, na nitapanda ndege kuja kukuuguza, Baba Mdogo apende asipende.

Mdogo wako


19 Aprili

Dada,

Hujajibu. Simu yako haipokelewi. Nimepiga ya nyumbani, akapokea Baba Mdogo. Akaniuliza mimi ni nani, na nilipomtajia akasema, "Huyo simjui," akakata.

Sina hoja mpya. Ni zile zile, kwa sauti ya juu zaidi.

Huenda barua hii ikakukuta umeshakatwa. Kama ni hivyo, achana na ugomvi wetu, ushike hili: mguu mmoja ukivimba, usikubali ukandwe. Kimbia hospitali siku hiyohiyo, hata kama unaona haya. Mwambie yeyote utakayemkuta zamu kwamba huna bandama na kwamba damu yetu huganda.

Chokochoko


22 Aprili

Chokochoko,

Leo ndiyo siku yangu ya kitanda. Kitanda kimelaliwa na mtu mwingine, Mungu amponye.

Simu sikupokea kwa makusudi. Ningeipokea tungegombana, na nilikuwa na ugomvi wa kutosha hapahapa.

Nilikwenda kwa daktari Ijumaa. Usijipongeze. Nilikwenda kutafuta karatasi ya kukufungia mdomo. Nikamwambia nataka damu yangu itiwe kwenye maji ya chumvi. Akavua miwani.

"Nani kakuambia hayo?"

"Mdogo wangu."

"Ni daktari?"

"Anachokoa seli."

"Mama, mimi nimetoa mabandama tangu huyo mdogo wako hajaota meno."

"Nakubali, mzee wangu. Ndiyo maana nakuomba usitoe na lile ambalo halikutakiwa kutolewa. Mimi kazini siinui mzigo uliokisiwa, hata kama aliyekisia ni bosi."

"Hapa si kwenye ujenzi."

"Kweli. Kule mzigo ukizidi kinalia king'ora. Hapa wanaolia ni wafiwa."

Nilidhani atanitoa nje. Alinitazama, akaguna, akainuka mwenyewe tukaenda maabara. Mama wa maabara akapanga vichupa, akajichoma kidole ili damu yake iwe ya kulinganishia. Daktari alisimama kafunga mikono kifuani, nami nikafunga yangu, tukawa kama mabondia wanaosubiri kengele. Vichupa vya yule mama vikawa vyekundu kimoja baada ya kingine. Vyangu vikagoma. Hata katika kile chenye chumvi iliyopungua mpaka za yule mama zikapasuka zote, seli zangu zilituama chini zikakaa, na maji juu yake yakabaki meupe.

Daktari akakichukua kichupa, akaenda nacho dirishani kwenye mwanga. Kisha akauliza, mgongo ukiwa kwangu, "Mama yako alikatwa wapi?"

"Hapahapa."

"Na nani?"

Nikamtajia.

"Alikuwa mwalimu wangu," akasema. "Alichokijua ndicho alichonipa." Akarudi ofisini kwake, akafuta jina langu kwenye orodha ya upasuaji kwa mkono wake. Kalamu iligoma, akabonyeza mpaka karatasi ikachanika.

Walipima chuma pia. Mama wa maabara anasema ini langu lina chuma cha kutosha kujengea ngazi nyingine. Vidonge nimeacha. Umefurahi? Furahi kimyakimya.

Jana ndugu walijaa hapa kunisindikiza. Walikuwa wamekuja na sura zao za hospitali. Baba Mdogo kwenye kiti kikubwa, shangazi wote mkekani, na Mama Mkubwa pembeni na macho yake ya manjano kama yangu. Nikawaambia siendi. Baba Mdogo akaniuliza nimepotoshwa na nani. Nikamwambia.

"Yule aliyemuua mama yako kwa uchungu," akasema, "ndiye unayemsikiliza?"

Nilikuwa nimekaa. Nikasimama. "Baba Mdogo, kwa heshima zote, na zikiniishia nitaazima kwa jirani. Uchungu hauvimbishi mguu mmoja. Na kama kuachwa kungekuwa kunaua, mimi ningekwisha kuzikwa zamani, maana mimi ndiye niliyeachwa hapa pamoja na nyinyi."

Shangazi mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. Nikawaeleza habari ya milango na seli kavu, vibaya bila shaka, lakini wakaelewa. Nikamaliza kwa kusema Mama hakuuawa na mwanawe. Aliuawa na kisu kilichotumwa kwa nia njema mahali pasipostahili.

Hapo Mama Mkubwa akafungua kinywa. Wewe unamjua, husema mara moja kwa mwaka. "Na mimi waliniambia nikatwe," akasema. "Mwaka uleule na marehemu. Nikatoroka wodini na gauni lao. Mkaniita mwoga mpaka leo." Akachukua andazi. "Mwoga bado anatafuna."

Baba Mdogo alizungusha fimbo yake mikononi, akatazama mlango, akatazama zulia. Mwishowe akasema, kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake, "Sikujua."

Nikamwambia, "Hakuna aliyejua, Baba Mdogo. Lakini ni wewe peke yako uliyesimama ukasema."

Hakuondoka.

Kazini mambo bado ni vita. Leo asubuhi, badala ya kulala kwenye meza ya upasuaji, nilikuwa langoni kabla ya mlinzi kumaliza kufungua. Daktari wa kampuni amesema na bandama langu ndani, ngazi sipandi. Nimemwambia sawa, ngazi sitaki, nimeshaona inavyonifanya. Lakini kuna winchi zinazoendeshwa kutoka chini kwa kisanduku cha mkononi, na kampuni inayo moja imelala bohari ikijaa vumbi. Mnyapara akasema ataulizia huko juu. Nikamwambia huko juu nimekaa mimi miaka yote hii, hakuna mtu. Akacheka, na nilipomwona amecheka nikajua ataulizia kweli. Wanaweza kukataa. Wakikataa nitarudi kesho, na keshokutwa. Wakitaka kunitoa, wanibebe, na wabebe kwa adabu upande wa kushoto.

Sasa wewe. Usinijibu hii kwa barua, nimechoka na mwandiko wako. Njoo. Usije kwa mlango wa uani kama mtu aliyekopa, wala usingoje wazee wawe wamelala. Baba Mdogo hukaa kibarazani mchana, majirani wote wakimwona. Shuka garini mbele yake hapohapo, mwamkie, na usiinamishe kichwa chini zaidi ya adabu inavyodai.

Dada yako